Bloku Mbovu Haikuua Hiyo Xbox. Tuliiua Sisi

Wasee, leo hakuna muziki wa kuanzia wala ile mambo ya "karibuni tena, bonyezeni kengele". Nimekasirika, na nusu ya hiyo hasira inanihusu mimi mwenyewe, kwa hivyo vumilieni.

Juzi nilikuwa nasafisha ujumbe ambao huwa siufungui. Mnajua hiyo folda: wauzaji wa bitcoin, watu wa kukutumia moyo bila sababu, na mara moja moja mtu anayehitaji msaada wa ukweli. Katikati ya hiyo takataka nikapata kijana wa Kitale. Ujumbe wake ulikuwa umekaa hapo wiki tatu. Ameniruhusu niuweke hapa alivyouandika:

"Niaje brathe. Nimefuata video yako ya kuflashi 360. Imeandika Error 250 pahali lakini ulisema tupuuze. Sasa taa inawaka lakini skrini ni nyeusi tu. Nifanyeje? Hii ndio mashine ya kazi."

Siku nne baadaye: "Brathe?"

Halafu wa mwisho: "Fundi amesema NAND imekufa, bodi yote ni ya kutupa. Nimemwachia kwa 1,500 ya spea. Sawa tu."

Hiyo "sawa tu" imenikaa kooni kama mfupa wa samaki.

Nikampigia. Ako na kibanda cha mabati karibu na steji, TV mbili, 20 bob kwa kila gemu. Xbox ya kwanza aliinunua ikiwa imeshachipiwa. Ya pili aliipata mitumba, safi kabisa, na badala ya kumpa fundi 3,500 akaamua kujifanyia mwenyewe. Mwalimu wake alikuwa mimi. Sasa amebaki na TV moja inayofanya kazi na nyingine inaonyesha ukuta. Watoi wakiona foleni ni refu wanahamia kwa jirani.

Alikuwa bado na picha za skrini kwa simu. Nilipoziangalia nilikaa chini. Bloku moja mbovu. Moja! Kati ya 1,024. Hiyo mashine haikuwa imekufa. Ilihitaji nusu saa ya mtu mwenye subira, na ikauzwa bei ya viatu vya Gikomba.

Wacha nieleze kwa wale ambao hawajui tunaongelea nini, halafu nirudi kugombana.

Xbox 360 ilitoka 2005, na Microsoft waliacha kuitengeneza 2016. Julai 2024 wakafunga hata duka lake la mtandaoni. Lakini huku kwetu haijastaafu. Zinakuja kwa makontena, zinauzwa bei ambayo msee wa kawaida anaweza kujipanga nayo, na ikishafanyiwa kazi inacheza gemu kutoka kwa hadi diski bila kutafuta diski ambazo hazipo tena. Hiyo kazi ya kuifungua inaitwa RGH. Ilitangazwa Agosti 2011. Wazo lake ni la kichizi: unaweka chipu ndogo ambayo inapunguza mwendo wa CPU, kisha inaipiga na mshtuko mdogo sana wa reset wakati hasa inapokagua kama programu ya kuwashia ni halali. CPU inapepesuka, inasema "sawa, pita". Ikikataa, chipu inajaribu tena. Sitaingia kwenye mambo ya hakimiliki leo. Nyinyi ni watu wazima, mashine ni yenu.

Sasa, ndani ya mashine kuna chipu ya kumbukumbu inaitwa NAND. Kwa mashine nyingi ni ya megabaiti 16. Ndani mna kila kitu mashine inahitaji ili kuamka: programu za kuwashia, mfumo, na sanduku la funguo ambalo ni la mashine hiyo peke yake duniani. Kuflashi maana yake ni kusoma hiyo chipu, kuhifadhi nakala, halafu kuandika kitu kipya juu yake.

Hizo megabaiti 16 zimegawanywa bloku 1,024, kila moja kilobaiti 16. Na hapa ndipo watu wengi, hata mafundi wa miaka kumi, wanashtuka nikiwaambia: bloku mbovu ni kitu ya kawaida. Chipu inaweza kutoka kiwandani, mpya kabisa, ikiwa na bloku mbovu. Watengenezaji wa chipu za saizi hii wanaandika wazi kwenye karatasi za data kwamba kati ya bloku 1,024 wanakuhakikishia nzima 1,004. Yaani zinaweza kuwa 20 mbovu na bado chipu ni halali, imepita ukaguzi. Ukitaka kila chipu iwe kamili bila doa, bei itapaa na hakuna mtu atanunua. Kwa hivyo walifanya kitu ya akili: waliandika alama kwa kila bloku mbovu, na wakawaachia wenye kuunda mashine kazi ya kuzunguka.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Nilichorewa geti ya NAND ubaoni mpaka nikaiota, na hakuna siku mtu alituambia kwamba chipu inayouzwa dukani huja na vyumba vibovu. Hiyo nilijifunza nikiwa na Xbox ya mtu mapajani na mwenyewe akinipigia simu.

Fikirieni hosteli. Vyumba 1,024. Kuna kimoja paa linavuja. Hosteli haibomolewi, si ndio? Kasteda anafunga hicho chumba, anabandika karatasi mlangoni, na mwanafunzi anahamishiwa chumba cha akiba mwisho wa korido. Xbox inafanya vivyo hivyo. Bloku 32 za mwisho ni akiba, kuanzia 3E0 hadi 3FF (ni hesabu ya kumi na sita, ndio maana kuna herufi, msiogope). Bloku mbovu ya kwanza, mzigo wake unahamia 3FF. Ya pili, 3FE. Na kuendelea kurudi nyuma. Mashine ikitaka chumba kinachovuja inakuta karatasi mlangoni, inaenda kwenye akiba, inapata mtu wake. Wewe mwenye kucheza hujui lolote. Pengine hata Xbox iliyo kwako sebuleni inaishi hivyo tangu siku ya kwanza.

Sasa njooni tuongee kuhusu video yangu.

Kichwa chake kilikuwa "Chipi Xbox 360 kwa dakika 9". Ndiyo video yangu iliyotazamwa kuliko zote. Ililipa kodi ya nyumba miezi miwili, siwadanganyi. Mashine niliyotumia ilikuwa Slim, bodi ya Trinity, na nilipoisoma, programu ikaandika Error 250 kwenye bloku 2C7. Error 250 ndiyo njia yake ya kusema "hapa kuna bloku mbovu". Mimi nikasema, na nimerudi nikajisikiliza mara tatu: "Hiyo msijali, puuzeni, tuendelee."

Na mashine yangu ikawaka! Kwa nini? Kwa sababu ya mahali hiyo bloku ilikuwa. Kazi ya RGH inaenda kwa hatua mbili. Kwanza unaandika faili ndogo kwenye bloku 80 za mwanzo tu, ili mashine iamke kwenye programu ndogo inayokuonyesha ufunguo wa CPU. Kisha, ukiwa na huo ufunguo, unajenga mfumo mzima mpya kutoka kwa nakala yako, na programu ya kujenga inaona zile alama za bloku mbovu, inahamisha mizigo yenyewe. 2C7 ni bloku ya 711. Iko mbali na zile 80 za mwanzo. Hatua ya kwanza haikuigusa, na hatua ya pili ilishughulikiwa bila mimi kujua. Nilikuwa na bahati, nikaiuza kama ujuzi.

Ya kijana wa Kitale ilikuwa bloku 2A. Hiyo ni ya 42, ndani ya zile 80. Ile faili ndogo iliandikwa juu ya chumba kinachovuja, na hakuna mtu aliyehamisha kipande chake kwenda akiba, kwa sababu kwa hiyo hatua inabidi ukihamishe kwa mkono: unatoa kipande cha 2A kutoka kwa faili, unakiandika 3FF, basi. Dakika tano. Kwake ilibaki programu yenye shimo katikati. CPU inapigwa mshtuko, inakubali, inasoma mpaka kwenye shimo, inaanguka. Chipu inajaribu tena. Skrini nyeusi milele.

Niliyasema hayo maneno mawili, "msijali" na "puuzeni", kwa kujiamini kabisa. Na si mimi peke yangu. Tafuteni video za kuflashi chochote, Xbox, simu, ving'amuzi, mtakuta tu mikono safi na mstari wa kijani unaenda mpaka mwisho. Hakuna anayekuonyesha mahali palipogoma. Mimi nilirekodi saa mbili na nusu. Nilikata dakika kumi na moja ambazo nilikuwa nasoma NAND mara ya pili na ya tatu, kwa sababu zilikuwa zinaboesha. Watu wangetoka. Na zile dakika kumi na moja ndizo zilikuwa somo!

Acheni nizirudishe hapa, bure.

Ukishasoma chipu mara moja, huna nakala. Uko na uvumi. Soma tena. Soma ya tatu. Programu kama J-Runner inakulinganishia yenyewe, lakini hata kwa mkono unaweza. Kisha angalia makosa yako. Kama Error 250 inarudi kwenye bloku ile ile kila mara, hiyo ni bloku mbovu ya ukweli, iandike kwa karatasi, ujue iko wapi. Lakini kama makosa yanahama, mara 1B0, mara 09F, mara hakuna, hiyo si chipu. Ni wewe. Ni waya zako ndefu, lehemu yako baridi, ama gundi ya waya wa ardhi imeshikilia rangi badala ya chuma. Fupisha waya, lehemu upya, hakikisha mashine iko kwenye stima lakini haijawashwa, halafu anza mwanzo. Nimeona mtu akitangaza bodi imekufa kwa sababu ya waya wa sentimita thelathini uliotolewa kwa kebo ya mtandao ya zamani.

Angalia pia uzito wa faili. Nakala nzima ya chipu ya megabaiti 16 ni baiti 17,301,504 hasa, kwa sababu kila ukurasa wa baiti 512 unabeba baiti 16 za pembeni, na hizo za pembeni ndizo zina ile karatasi ya mlangoni. Ikipungua hata kidogo, kuna kitu umeacha nyuma.

Na kitu kingine: usifute chipu "ianze upya". Haki, hiyo tabia! Mtu akiona makosa anakimbilia kufuta kila kitu kwanza, eti asafishe. Alama za kiwandani ziko ndani ya hizo hizo bloku. Ukifuta bila kuziangalia unaweza kubandua karatasi zote milangoni, halafu hakuna anayejua tena ni chumba gani kinavuja. Umegeuza tatizo moja linalojulikana kuwa tatizo ambalo hata wewe hulioni.

(Kama mashine yako ni ile ya gigabaiti 4, Corona, haya ya kuhamisha bloku hayakuhusu sana, hiyo kumbukumbu yake iko na msimamizi wake ndani anayezunguka bloku mbovu peke yake. Jasper kubwa nazo bloku zake ni za kilobaiti 128, hesabu inabadilika. Usichukue namba zangu za 16 uzipeleke huko.)

Sasa mafundi. Mlidhani nimewasahau?

Najua wengine mnanisoma, na wengine mmenifunza kazi, kwa hivyo naongea kwa heshima lakini naongea. "NAND imekufa." Hiyo sentensi mnaitumia kama daktari wa zamani wa kliniki ya mtaani na malaria: kila kitu ni malaria. Sisemi yule wa Kitale alimwibia kijana. Ningependa kuamini hakujua. Lakini kama hakujua, alisemaje kwa uhakika hivyo? Aliisoma chipu mara ngapi? Kijana anasema haikufunguliwa hata. Iliwekwa kwenye stima, skrini ikawa nyeusi, hukumu ikatoka.

NAND kufa inawezekana, mimi sikatai. Bloku zikizidi akiba, ama chipu ikikataa kusomeka kabisa na waya ni fupi na lehemu ni nzuri, hapo imeenda. Hata hapo, chipu inabadilishwa, bodi inabaki. Lakini ni lazima uonyeshe. Mteja akiuliza "umejuaje?", uwe na jibu la zaidi ya miaka yako kwa hiyo kazi.

Na kuna ile nyingine ambayo ndiyo inaniuma zaidi: nakala. Mtu analeta Xbox, unaisoma, unaichipi, analipa, anaenda. Nakala ya NAND yake ya asili iko wapi? Kwa laptopu yako. Ufunguo wake wa CPU uko wapi? Kwa laptopu yako, kama haujafuta. Mwaka ujao mashine ikisumbua, ni lazima arudi kwako. Umehama mtaa? Laptopu imeibiwa? Pole yake.

Wacha niseme kile kinapotea hapo, kwa sababu wengi wanadhani nakala ni faili tu ya kufanya kazi iwe rahisi. Ndani ya NAND kuna lile sanduku la funguo nililotaja, na limefungwa kwa ufunguo wa CPU ambao umechomwa ndani ya CPU yenyewe. Humo ndani kuna pia ufunguo unaofanya bodi na kisoma diski viaminiane. Ukipoteza hilo sanduku, fundi mzuri bado anaweza kuifufua mashine kwa kutumia sanduku la mashine nyingine, mradi CPU ikuonyeshe ufunguo wake. Itawaka. Itacheza gemu kutoka kwa hadi diski. Lakini diski ukiingiza, bodi inamwangalia huyo kisoma diski kama mgeni aliyeingia harusini bila kualikwa. Mashine imeishi, lakini imepoteza kitambulisho. Na ndiyo maana pia ile faili "tayari" mnayotumiana kwa magrupu haitawaka kwa mwingine. Sanduku la mashine yangu halifunguki kwa CPU yako. Sijui nimesema hii mara ngapi.

Kwa hivyo hiyo nakala si siri ya kazi yako, fundi. Ni mali ya mteja, kama vile injini ya gari haiwi yako kwa sababu uliishusha. Ukimaliza kazi, mpe. Flashi diski, barua pepe, WhatsApp, faili ni megabaiti 16 na nusu, ni ndogo kuliko video ya mtu akicheza harusini. Na ufunguo wa CPU ni herufi na namba 32 tu, zinaenea kwa karatasi ya risiti. Na nyinyi wateja, acheni aibu. Mkilipa, ulizeni: "Fundi, nakala yangu iko wapi?" Akikasirika, mmeshajua ni fundi wa aina gani.

Najua kile kitakuja kwenye komenti, wacha nijibu mapema. Wa kwanza atasema "siku hizi hakuna haja ya kufungua mashine, kuna njia ya flashi diski". Ni kweli. Machi 2025 ilitoka Bad Update, na ilipotoka ilikuwa inafanya kazi kupitia gemu chache tu, kama Tony Hawk's American Wasteland, bila lehemu. Niliishangilia sana. Lakini haibaki: ukizima mashine, unaanza upya, na kuna siku inakataa mara kadhaa kabla ikubali. Mwenye kibanda na watoi wamejipanga nje hana hiyo subira, kwa hivyo RGH bado iko. Isitoshe, hiyo njia mpya ingetumika vizuri kabisa kuusoma ufunguo wa CPU kabla hujashika bisibisi. Yaani sasa udhuru wa kutokuwa nao umepungua.

Wa pili atasema mafundi wa mtaani wanajitafutia, niwaache. Mimi pia najitafutia. Kijana wa Kitale anajitafutia. Shida ni kwamba katika hii hadithi wawili kati yetu tulipata kitu, mimi watazamaji na fundi spea, na mmoja akapoteza. Na ndiye aliyekuwa amefuata maagizo.

Wa tatu, na huyu ananiboesha zaidi, atasema "angempelekea mtaalamu badala ya kujifanyia". Mtaalamu alimpelekea, buda. Umesoma mpaka hapa ama umeruka?

Video ya dakika 9 nimeitoa jana saa nne usiku. Nilikaa na kidole juu ya hicho kitufe kwa muda, sitajifanya shujaa, nikiangalia ile namba ya watazamaji kama mtu anaangalia nyumba yake ikibomolewa. Kuna mtu tayari ameniandikia kwamba ningeacha tu na kuweka maandishi chini. Maandishi ya chini hakuna anayesoma. Mimi mwenyewe sisomi.

Mpya inatoka Ijumaa. Ni dakika 47. Nimetafuta kwa makusudi mashine yenye bloku mbovu ndani ya zile 80 za mwanzo. Ilinichukua bodi sita kuipata, na mafundi wawili wa hapa mjini ndio walinisaidia kutafuta, kwa hivyo msiseme nawachukia. Mtaona nikisoma mara tatu, mtaona ya pili ikigoma kwa sababu ya waya wangu mwenyewe, mtaona nikihamisha kipande kwenda 3FF na mkono ukitetemeka. Sikukata chochote. Kuna mahali nafungua soda na kusubiri tu. Itawaboesha.

Ile Trinity ya kwenye video ya kwanza, yenye bloku 2C7, imepanda basi la usiku kwenda Kitale. Nimeifunga kwa blanketi, na ndani ya boksi nimeweka flashi diski yenye nakala zake tatu, na ufunguo wa CPU nimeuandika kwa kalamu nyuma ya risiti ya basi. Asubuhi kijana ameniandikia kwamba ameipokea na TV ya pili imewaka. Halafu akauliza: "Brathe, hii 2C7 umeandika hapa na wino mwekundu, nifanye nini nayo?"

Nimemwambia asiifanye kitu, lakini aihifadhi hiyo karatasi.